Kuponya, Kuokoa na Kuombewa: Maneno ya Sala ya Wagonjwa katika Kiswahili cha Kikristo

Mikese ni mji mdogo wa kando ya reli, mashariki ya Morogoro, mahali ambapo msafiri atokaye Dar es Salaam huanza kuiona milima ya Uluguru ikimkabili. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo Mikese imekuwa mapito ya watu wa namna nyingi: Wakami, Waluguru, Wakutu na Wakwere, pamoja na wageni walioletwa kwanza na gari moshi na baadaye na motokaa. Wakristo na Waislamu hukaa humo ujirani. Kiswahili cha mahali kama hapo kimesuguliwa na vinywa vingi, na kwa hiyo maneno yake huonyesha upesi kuliko maandishi jinsi maana inavyohama. Jirani akiulizwa habari za mgonjwa asiyekuwapo nyumbani, jibu huwa moja katika matatu, kama ilivyo mahali pengi pa Tanzania: amekwenda hospitali, amekwenda kwa mganga, au amekwenda kuombewa.

Jibu la tatu ndilo litakalopimwa hapa. Nia si kuuliza kama Mungu huponya. Swali hilo lina wenyewe. Nia ni kuonyesha kwamba maneno ambayo Kiswahili cha Kikristo kimejichagulia kwa kazi ya kumwombea mgonjwa yamekuwa yakihama, na kwamba kuhama kwake kumeigusa imani yenyewe, na mara nyingine kumegusa uhai wa watu.

Kitenzi omba, kikitiwa kiambishi cha kutendea, hudai watu watatu: yuko aombaye, yuko aombwaye, na yuko aombewaye. Mkristo wa zamani aliposema kwamba wazee wa kanisa wamemwombea mgonjwa kwa Mungu, wote watatu walikuwapo katika sentensi, kila mmoja mahali pake. Katika sentensi "amekwenda kuombewa" amebaki mmoja tu, naye ni mgonjwa. Kitenzi kimetendewa na kutendwa kwa pamoja. Aombaye ameondoka, na aombwaye, yaani Mungu, ameondoka pia. Sentensi imepata umbo lile lile la "amekwenda kuaguliwa", "amekwenda kuchanjwa", "amekwenda kupigwa sindano". Haisemwi hapa kwamba msemaji amemsahau Mungu, kwa kuwa lugha huacha mengi yaliyo wazi yasitamkwe. Walakini nafasi iliyoachwa wazi haikosi wa kuijaza. Akiulizwa "ameombewa na nani?", msemaji hujibu kwa jina la mchungaji, au nabii, au mtume fulani, na kiunganishi "na" humweka huyo mahali pa mtenda kazi. Jina la Mungu halina mlango wa kurudia katika sentensi hiyo ila kwa kuijenga upya.

Jambo la pili ni majina ya kazi yenyewe. Kiswahili kilikuwa na sala na dua kutoka Kiarabu, na maombi kutoka katika shina lake mwenyewe, kabla ya wamisioni kufika. Dua kwa ajili ya mgonjwa si jambo geni pwani. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na nasaha zake zikiisha hufuata dua ndefu ya kumwelekea Mungu. Katika dua hiyo mwombaji na mgonjwa ni mtu mmoja, wala hapana wa kati. Biblia ya Muungano, ambayo ilitoka nzima mwaka 1952, iliyaweka maneno haya jirani katika Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 2:1, pale ambapo dua, sala na maombezi zimetajwa mbalimbali, na pale maombezi ni kwa ajili ya watu wote, hata wafalme na wenye mamlaka. Hiyo ndiyo maana pana ya neno. Katika mabango ya njiani leo maombezi ni mkutano wa kuponya wagonjwa, na kama si wagonjwa basi ni wenye shida ya kazi, ndoa au fedha. Neno limenyang'anywa wafalme na kupewa wenye maumivu. Pengine hasara hiyo si kubwa. Lugha hupunguza na kuongeza kila siku. Lakini kanisa ambalo maombezi yake ni ya kuponya tu litaona tabu kumweleza muumini kwa nini amwombee jirani aliye mzima.

Penye utajiri zaidi, na penye mashaka zaidi, ni katika vitenzi viwili, kuponya na kuokoa.

Agano Jipya katika Kiyunani lina kitenzi sozo, ambacho maana yake ni kutoa mtu katika hatari, iwe hatari ya bahari, ya ugonjwa, ya kifo, au ya dhambi. Wafasiri wa Kiswahili hawakupata kitenzi kimoja cha kukilingana nacho, au walikipata wakakikataa. Basi wakakigawa. Mwanamke aliyetokwa na damu, katika Marko 5:34, amefasiriwa kwa kuponya. Mwanamke mwenye dhambi aliyempaka Yesu marhamu miguuni, katika Luka 7:50, amefasiriwa kwa kuokoa. Kiyunani kina neno moja katika mahali pote pawili, na msomaji wa Kiyunani aweza kusikia mwangwi wa la kwanza katika la pili. Mfano ulio wazi kupita huo ni wa Matendo ya Mitume, mlango wa 4. Petro anaulizwa habari za kiwete aliyesimama. Katika mstari wa 9 anatumia sozo kwa miguu ya mtu yule, na katika mstari wa 12 anatumia sozo lile lile kwa wanadamu wote. Hotuba nzima imesimama juu ya neno hilo moja. Katika Kiswahili mstari wa 9 una kuponywa na wa 12 una kuokolewa, na daraja limekatwa katikati.

Haki itendeke kwa wafasiri. Kumwokoa mtu, katika Kiswahili cha kawaida, ni kumtoa mtoni, motoni, au mikononi mwa adui. Kusema kwamba mtu ameokolewa na homa kungekuwa kama kusema homa ni mwizi. Wafasiri walifuata masikio ya wenye lugha, na mfasiri asiyefuata masikio huwaachia wasomaji kitabu kisichosomeka. Hata hivyo walikuwa nalo neno pana kuliko walivyolitumia. Kupona katika Kiswahili si kutoka ugonjwani peke yake. Aliyezama akafika pwani amepona. Walionusurika vitani wamepona. Aliyekoswa na gari kaponea chupuchupu. Shina hilo ni la Kibantu tangu zamani, nalo limo katika lugha nyingi za pwani na bara. Upana wake unakaribia sana upana wa sozo. Kanisa lilipokwisha kulifunga katika chumba cha ugonjwa, na kuokoa likalifunga katika chumba cha roho, mgawanyo ambao Injili haikuukusudia ukaingia katika mafundisho kwa njia ya kamusi.

Ajabu ni kwamba mahali pamoja penye uzito wafasiri walifanya kinyume cha desturi yao. Waraka wa Yakobo, 5:14 na 15, ndio msingi wa mafundisho yote ya Kikristo kuhusu sala ya wagonjwa: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee, wampake mafuta kwa jina la Bwana. Hapo Kiyunani kina sozo, na maneno yaliyo karibu ni ya kitandani kabisa, maana kuna mgonjwa na kuna kuinuliwa. Biblia ya Muungano imeweka kuokoa. Mstari wa 16, ambako Kiyunani kina iaomai, neno la matabibu, umewekewa kuponywa. Mfasiri hapa alikuwa mwaminifu zaidi kwa Kiyunani kuliko alivyokuwa katika Marko. Bahati mbaya ni kwamba uaminifu wake ulikuja katika lugha ambayo baadaye ilibadilika chini yake.

Mabadiliko hayo yaliletwa na uamsho wa Afrika ya Mashariki, ulioanza Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Kuokoka kukawa jina la hali maalumu: kuna aliyeokoka na kuna Mkristo wa jina tu. Walokole wakajulikana kwa neno hilo, na makanisa ya Kipentekoste yakalirithi. Msikilizaji wa Mikese anaposomewa leo kwamba sala ya imani itamwokoa mgonjwa, husikia kwamba sala itamfanya mgonjwa aokoke. Kutoka hapo ni hatua moja kufikia mwombaji anayemwuliza mgonjwa "umeokoka?" kabla ya kumwekea mikono, kana kwamba kuokoka ni tikiti ya kuingilia. Yakobo hakusema hivyo. Kwake mgonjwa ni mtu wa kanisa tayari, na wanaotakiwa kuwa na imani, kwa mpango wa sentensi yake, ni wale wanaoomba.

Jambo la mwisho hilo lisipitwe kwa haraka. Mgonjwa asipopona, husemwa kwamba hakuwa na imani, au imani yake ilikuwa haba. Kwa kufanya hivyo mwombaji hujitoa lawamani na kuitua kwa mtu aliyelala. Kiswahili chenyewe kingeweza kumkumbusha, maana imani katika lugha hii ina maana mbili: ni kusadiki, na pia ni huruma. Asiyeona imani kwa mwenziwe ni katili. Sala ya imani juu ya mgonjwa, ikisikiwa kwa masikio ya Kiswahili kamili, haiwezi kuwa sala ya kumtuhumu.

Wafasiri waliogopa neno mganga. Katika Injili mwenye kuhitajiwa na wagonjwa ameitwa tabibu, na Luka katika Waraka kwa Wakolosai ni tabibu pia. Neno ni la Kiarabu, ni safi, na halikupata kushika mizizi barazani. Serikali haikuwa na woga huo: Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari aliyesomea, na hakuna anayemdhania kuwa mpiga ramli. Kuganga asili yake ni kuunga na kufunga kilichovunjika, na methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, haina harufu ya mzimu hata kidogo. Laiti neno hilo lingepokewa kanisani, huenda hospitali na sala zingeonekana mapema kuwa jamaa moja. Kuliacha kwa mganga wa kienyeji peke yake kulimpa huyo heshima ya kuwa ndiye mwenye kuganga, na kanisa likabaki na maneno ya kukopa.

Mpako na upako hudai uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ngeli imefanya kazi ambayo wanatheolojia hawakuiona.

Wamisioni wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1897 walikuwa Matombo, ndani ya Uluguru. Hao hawakuwa watu wa kuchezea maneno; Padre Charles Sacleux wa shirika hilo ndiye aliyeacha kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939. Walileta sakramenti ya mafuta kwa jina la Mpako wa Mwisho, wakifuata jina lililokuwa likitumika katika Kanisa lao lote. Jina hilo lilikuwa na madhara yake. Kumwita padre kukawa ni kutangaza kifo, na jamaa wa mgonjwa wakachelewa kumwita mpaka mgonjwa asiweze kuitikia sala. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulipendelea jina la Mpako wa Wagonjwa, na Papa Paulo VI aliutengeneza utaratibu wake upya mwaka 1972. Kwa kubadili neno moja sakramenti ilirudishwa kutoka jeneza hadi kitanda. Ni mfano adimu wa kanisa kukiri kwa vitendo kwamba jina laweza kumdhuru mgonjwa.

Mpako ni wa ngeli ya m- na mi-. Ni tendo, una mwanzo na mwisho, padre akimaliza, mpako umekwisha. Upako, neno la makanisa ya Kipentekoste, limetoka katika kitenzi kile kile cha kupaka, lakini limeingia katika ngeli ya u-, pamoja na utakatifu, uwezo, uganga na uchawi. Katika maneno ya namna hiyo ngeli haitaji tendo, hutaja kitu kikaacho ndani ya mtu. Mpako hutolewa; upako mtu huwa nao. Na kilicho ndani ya mtu chaweza kuwa kingi kwake na kichache kwa mwingine, chaweza kuhamishwa, chaweza kutiwa katika chupa. Ndipo yanapopatikana mafuta ya upako, maji ya upako, na vitambaa vya upako. Waraka wa kwanza wa Yohana, 2:27, katika Biblia ya Muungano ulitosheka na neno mafuta, nayo yalikuwa ya waamini wote. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo huko Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kuyakanyaga mafuta yaliyombewa katika mkutano wa maombi. Mkanyagano una sababu nyingi, za milango na za wingi wa watu. Lakini watu hawakimbilii tendo. Hukimbilia kitu, na kitu huisha.

Kwa wakazi wa Uluguru na mabonde yake haya hayakosi kumbukumbu. Mafuta ni ya kuchulia viungo, na ndivyo yalivyokuwa katika siku za Yakobo pia: Msamaria wa Luka 10:34 aliyatia katika majeraha pamoja na divai, na hakuna aliyemwita mponyaji. Maji nayo yalikuwa dawa ya vita mwaka 1905, na jina la Kolelo, mzimu wa mapangoni mwa Uluguru, lilitajwa katika habari za vita hivyo. Kikombe kilikuwa chombo cha Meza ya Bwana kabla hakijawa kile cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, ambako mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, aliwanywesha maelfu ya watu dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Yeye mwenyewe alisema nguvu haikuwa katika mzizi, ilikuwa katika neno la Mungu. Watu walisema wamekwenda kunywa kikombe. Lugha ya watu ilichagua chombo, na maelezo ya mchungaji yakabaki nyuma.

Si kila mwenye kuombea wagonjwa amefuata njia hiyo ya vitu. Edmund John, mlei wa Kanisa la Anglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, aliwaombea watu wengi Dar es Salaam na kwingineko katika miaka ya mwanzo ya 1970 mpaka kifo chake mwaka 1975, na huduma yake ilikumbukwa zaidi kwa kufunga na kutubu. Padre Felician Nkwera, ambaye wanafunzi wa lugha wamemjua kwa Sarufi na Fasihi ya mwaka 1978, alijulikana na wengine wengi zaidi kwa huduma ya sala na maji ya baraka, na hitilafu yake na maaskofu wa Katoliki ilidumu miaka mingi. Mtu aliyefundisha ngeli alikuwa pia mtu aliyewaombea wagonjwa. Ni jambo la kusikitisha kwamba taaluma hizo mbili hazikuandikiana barua. Vatikano ilitoa maagizo tarehe 14 Septemba 2000 kuhusu sala za kuomba uponyaji, ikatenga zilizo za liturujia na zisizo za liturujia, ikataka kibali cha askofu, na ikaonya juu ya vishindo na maonyesho. Maagizo hayo yaliangalia nani aongoze na wapi. Hayakuangalia namna za vitenzi.

Nazo namna za vitenzi ndizo zilizobeba tofauti kubwa kupita zote. Kiswahili kikimwelekea mgonjwa hutumia kwa kawaida ile hali ya kutaka, yenye kuishia kwa e: Mungu akuponye, upone, ajaliwe afya. Mkristo na Mwislamu wa Mikese husema hivyo kwa pamoja wamtembeleapo jirani, na hali hiyo huacha neno la mwisho kwa anayeombwa. Yesu mwenyewe alipoomba bustanini aliacha nafasi hiyo. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, akaachiwa mwiba. Trofimo aliachwa mgonjwa huko Mileto, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Badala ya hali hiyo jukwaa limeingiza amri, "pona!", na kisha wakati timilifu: umeponywa. Pamoja nao limekuja jina la tendo, uponyaji, likitiwa kimilikishi: pokea uponyaji wako. Kilichokuwa ombi kimekuwa mali iliyokwisha kulipwa na kungojea mwenyewe aichukue.

"Upone" na "umeponywa" si tofauti ya ufundi tu. La kwanza haliwezi kuwa uongo, kwa maana halidai tukio. La pili ni habari, na habari yaweza kupimwa kwa darubini ya zahanati. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa vidonge vya miezi 6, na kwa kawaida hujisikia nafuu kabla ya muda huo kutimia. Katika majuma hayo ya nafuu, vijidudu vikiwapo bado, akiambiwa umeponywa na mtu anayemwamini, kitenzi hicho kimemwondolea sababu ya kumeza kidonge cha kesho. Ugonjwa ukimrudia, huenda ukarudi ukiwa sugu kwa dawa zile zile, na ukaingia kwa walio nyumbani mwake. Akiambiwa upone, ombi na vidonge vyaweza kwenda pamoja hadi mwezi wa sita, na siku majibu ya makohozi yatakapotoka, muuguzi atakuwa na haki ya kutumia wakati timilifu, naye atasema amepona, bila kutaja aliyemponya.